Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba ya chuo chetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: NENO LA SIRI LA MAJARIDA YA MTANDAONI

Natumaini barua hii itakukuta salama. Ni ya nne. Tatu za kwanza nilizipitisha kaunta kama utaratibu unavyotaka, na ya tatu iligongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA". Nakala yenye muhuri huo ninayo hadi leo, maana ndilo jibu pekee nililowahi kupata kutoka ofisi yako. Samahani basi kwamba hii naiandika mbele ya watu.

Jumanne iliyopita nilisimama mbele ya jopo kutetea pendekezo la tasnifu yangu. Mada ni nchi zisizoegemea upande wowote katika zama za utandawazi. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba Uswisi iliukataa uanachama wa Umoja wa Mataifa kwa kura ya maoni ya mwaka 1986, ingawa ofisi kubwa za Umoja huohuo ziko Geneva. Hapo sikukosea. Kura ilipigwa na wananchi walikataa. Mjumbe mmoja akavua miwani, akaniuliza taratibu: "Na ya 2002 je?"

Nikanyamaza. Mwaka 2002 Waswisi walipiga kura tena, safari hii wakakubali, na Septemba nchi yao ikaingia. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Uhusiano wa Kimataifa, nilikuwa nimejenga sura nzima juu ya nchi iliyoko nje ya Umoja wa Mataifa, kumbe imo ndani tangu nikiwa nanyonya.

Kosa ni langu, sikatai. Ningeweza kuangalia kwenye simu kabla ya kuingia. Lakini kitabu nilichokitegemea ndicho pekee cha mada ile katika rafu zako, kinasomwa kwa saa mbili tu, hakiruhusiwi kutoka nje, na kilichapishwa 1994. Jirani yake wa kushoto anahesabu nchi 15 katika Umoja wa Ulaya. Umoja huo ukafika 25 mwaka 2004, 27 mwaka 2007, 28 mwaka 2013, kisha Uingereza ikatoka Januari 2020 ukarudi 27. Rafu yako ya 327 bado haijapata habari hizo.

Nakukumbusha kwa heshima siku ya kuzindua jengo jipya la maktaba. Ulisema, tukiwa tumekaa mstari wa nyuma, kwamba kufikia muhula unaofuata kila mwanafunzi atasoma majarida ya kimataifa akiwa kitandani kwake. Tulipiga makofi. Mihula minne imepita. Wahenga walisema ahadi ni deni, ila hawakusema riba yake ni kiasi gani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatukuombi mnunue chochote. Chuo chetu kimesajiliwa Research4Life, mpango wa kuzipatia taasisi za nchi maskini majarida ya kitaaluma mtandaoni. Najua kwa sababu bango lake liko ukutani nyuma ya kaunta, limeanza kupauka. Mpango huo ulianza 2002 kwa majarida ya afya, ukaongezwa kilimo, mazingira na teknolojia, na 2018 ikaja GOALI, inayoongozwa na Shirika la Kazi la Kimataifa, kwa ajili ya sheria na sayansi za jamii zinazoambatana nayo. Sheria ya kimataifa imo humo. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo hupata bure au kwa ada ndogo. Sharti ni moja: husajiliwa taasisi, si mtu binafsi. Mwanafunzi hawezi kujisajili mwenyewe hata akilia. Funguo anazo mkutubi.

Nikamwendea mkutubi. Wa kwanza akasema neno la siri analo mwenzake wa zamu ya jioni. Wa zamu ya jioni akasema analo kijana wa kompyuta. Kijana wa kompyuta, nasikia, aliacha kazi. Sijui kama aliondoka nalo kichwani au lilibadilishwa na asiyekumbuka. Mwenzangu mmoja anaamini mnalificha ili mtandao wa chuo usizidiwe. Mimi sitaki kufika huko. Nadhani tu hakuna aliyelitafuta.

Na hata hizo rafu, Mheshimiwa, zingetusaidia zaidi kama mtu angetuonyesha njia. Utandawazi haukai mahali pamoja. Kwa mfumo wa Dewey mnaoutumia kupanga vitabu kwa namba, uhusiano wa kimataifa uko 327, uchumi wa kimataifa 337, sheria ya kimataifa 341, Umoja wa Mataifa wenyewe 341.23, biashara 382, na utandawazi kama badiliko la jamii umetupwa 303.482, ghorofa nyingine kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika "utandawazi" kwenye katalogi, anapata vitabu tisa, anashukuru Mungu, anaondoka. Hajui kuna vingine ngazi mbili juu yake. Mimi nilikuja kulijua hilo mwaka wa pili, tena kwa bahati, nikitafuta choo. Karatasi moja iliyobandikwa mlangoni ingetosha. Niliiandika mwenyewe, nikaibandika, ikabanduliwa kwa kuwa haikuwa na kibali.

Basi nimejifanya mkutubi wa wenzangu. Nimewaonyesha Maktaba ya Kidijitali ya Umoja wa Mataifa, maazimio na kura za Baraza la Usalama zimo humo bure. Nimewaonyesha mkusanyiko wa mikataba, ambao upo kwa sababu Ibara ya 102 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaagiza kila mkataba unaofungwa na mwanachama yeyote usajiliwe na kuchapishwa. Takwimu za Benki ya Dunia ziko wazi tangu 2010, za Shirika la Fedha la Kimataifa tangu 2015. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, inamruhusu mtu mwenye akaunti yake kusoma makala 100 kwa siku 30, kwenye skrini tu, bila kupakua. Skrini yangu ina ufa unaopita katikati ya kila ukurasa. Usiku wa manane nasoma mstari wa kwanza, naruka ufa, nabahatisha neno lililoko chini yake. Ndivyo nilivyosoma karibu yote niliyoyasoma mwaka huu.

Lakini bure ina mipaka yake. Hati ya Umoja wa Mataifa itakwambia nani alipiga kura ya turufu, haitakwambia wachambuzi wamebishana nini kuhusu kura hiyo. Mabishano yako kwenye majarida. Na JSTOR, majarida mengi yana ukuta wa miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo mapya hayafiki. Ulimwengu tunaoambiwa tuusome unabadilika kila wiki, nasi tunausoma kama watu wanaopokea gazeti kwa jahazi.

Nilikusudia kuomba mengi. Saa za kufunga zisogezwe, maana vipindi vyetu vinaisha saa kumi na moja na mlango wako unafungwa saa kumi na moja. Vitabu vipya. Utaratibu wa kuazima kutoka maktaba nyingine, ambao fomu zake zipo ila hakuna anayejua zinapelekwa wapi. Nayaacha yote. Mwongozo wa rafu nao nauacha. Nirudishieni tu karatasi yangu.

Naomba neno la siri. Kama limepotea, mwenye mamlaka ya kuliomba upya kwa barua pepe ni ofisi yako, si mimi, na nina hakika ofisi yako ina barua pepe kwa sababu imeandikwa kwenye bango lilelile. Kama lipo, liko kwenye droo ya nani?

Jopo limenipa wiki sita kuandika upya sura ya pili. Moja imeshakwenda. Kesho saa mbili asubuhi, mlango ukifunguliwa, nitakuwa kaunta na kalamu na kipande cha karatasi.

Wako mtiifu, hadi sasa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Uhusiano wa Kimataifa