Naenda Dar kupigwa mionzi, nitafikia kwa mwanangu. Mkamwana aambiwe na nani?

Ndugu mshauri, salaam nyingi kutoka Rungwe.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 68, naishi na mke wangu kijijini si mbali na Tukuyu. Mwezi wa nne niligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Kipimo cha damu cha PSA kilikuwa juu, wakanichukua vinyama Mbeya mjini, majibu yakathibitisha. Nimeshaanza sindano ya homoni, nachomwa tumboni kila baada ya miezi mitatu, na mwezi ujao naenda Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi: siku 5 kwa wiki, kwa wiki 7. Ugonjwa nimeukubali. Kinachoninyima usingizi ni yale yanayoletwa na matibabu.

Daktari alinieleza madhara harakaharaka, mwanangu wa kiume akiwa ameketi pembeni yangu. Aliposema nguvu za kiume zitapungua, mimi na mwanangu sote tuliinamisha macho. Sikuuliza kitu. Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu, nikamwomba muuguzi mmoja mtu mzima anieleze, naye akanikalisha karibu saa nzima, Mungu ambariki. Alisema saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na sindano inaizima homoni hiyo. Ndiyo maana hamu ya tendo la ndoa huondoka, joto hupanda ghafla, matiti huweza kuvimba, misuli hulegea na mifupa hupoteza uimara. Nitembee kila siku, na jembe nisiliache. Kuhusu mionzi, wiki mbili za mwanzo naweza nisione lolote. Baada ya hapo kibofu na utumbo huanza kuchubuka kwa ndani: mkojo wa mara kwa mara unaochoma, haja kubwa isiyotaka kusubiri, na uchovu. Kwa wengi hutulia wiki chache baada ya kumaliza. Wengine hubaki nayo, na wapo wanaokuja kuona damu chooni miezi mingi baadaye. Akanifundisha na zoezi: unakaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, unahesabu polepole mpaka 5, unaachia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Nalifanya kila siku nikisubiri chai ichemke.

Joto sikulisubiri, limenijia lenyewe. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, na unajua baridi ya huku mwezi huo, niliamka shuka limelowa, kifua kinawaka kama nimekaa karibu na tanuri la matofali. Nilidhani ni malaria. Mke wangu aliwasha taa, akanigusa shingo, akachukua kanga yake akaanza kunipepea. "Mwalimu, hii siyo malaria. Hii naijua, imenitesa miaka mitatu nilipokoma hedhi." Ndipo nikamweleza yote, mpaka lile ambalo nilikuwa sijui nitalianzia wapi. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Tumelala kitanda kimoja miaka 41. Naomba kitu kimoja tu, usije ukahamia chumba kingine." Tangu usiku ule nimepata nafuu kubwa moyoni, ingawa machozi yananitoka ovyo. Juzi nimelia ndama alipouzwa. Muuguzi anasema nayo ni homoni.

Mengine najiandaa nayo. Duka la dawa Mwanjelwa nimenunua pampasi za watu wazima pakiti mbili. Binti muuzaji aliniuliza mgonjwa ana uzito gani, nikamjibu mgonjwa ni mimi, akanichagulia vizuri bila kunitazama vibaya. Safari ya kurudi ndiyo inanitisha, zaidi ya kilomita 850 ndani ya basi, na konda akishasema kuchimba dawa ni mpaka mbele, ni mpaka mbele. Foleni ya malori ikikukuta Kitonga na tumbo la namna hiyo, utafanyaje? Nimeamua nitalala Morogoro na Iringa, gharama iwe gharama.

Sasa tatizo lenyewe. Mwanangu amepanga Mbagala, vyumba viwili na sebule, choo kimoja, na mlango wa choo unatazamana na jiko. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Wengi wamelegeza siku hizi, hasa mjini, ila mkamwana wangu amelelewa na bibi yake Kyela na anaishika mila hii kwa moyo. Miaka 9 ya ndoa yao, hunisalimia akiwa nyuma ya ukuta. Chakula huniletea mjukuu. Nikiingia yeye hutoka, na mimi namheshimu sana kwa hilo. Lakini mtu anayeamka kwenda msalani mara 15 kwa siku, pengine akiwa amechafua nguo, atamfukuza binti wa watu jikoni kwake mara ngapi? Na nguo hizo nitazianika wapi asizione?

Kwa mke wangu nimeona faida ya kusema mapema. Kwa mkamwana siwezi kusema mwenyewe. Mwanangu nikimtuma, najua atamwambia "baba anaumwa" na kuishia hapo, maana hata mbele ya daktari tulishindwa kutazamana. Mke wangu yuko tayari kumpigia simu amweleze kila kitu, lakini nafsi inasita: nikifika, yule binti atakuwa anajua habari za mwili wangu ambazo hata wanangu wa kuzaa hawazijui. Nimewaza pia kupanga chumba karibu na hospitali. Bima hailipii malazi, pensheni haitoshi wiki 7, na mwanangu ataona nimemkataa nyumba.

Je, nimruhusu mke wangu aseme, na aseme mpaka wapi? Au aache ng'ombe na wajukuu tuende wote, awe yeye wa kunifulia na kuwa katikati yetu? Wazee mliokwisha kupita mionzi mkiwa mmefikia kwa watoto wenu, hasa wa kwetu Rungwe na Kyela, mliishi vipi na wakamwana? Basi nitapanda tarehe 9, naomba jibu kabla ya hapo.

Mwalimu mstaafu,
Rungwe, Mbeya