YAH: Mama yangu kuachwa bila kiti cha magurudumu katika uwanja wenu wa ndege

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Abiria,

Kwa heshima naomba barua hii isomwe na mtu. Ya kwanza niliijaza kwa Kiingereza kwenye tovuti yenu, nikajibiwa na mashine: namba ya kumbukumbu, na shukurani kwa kuchagua uwanja wenu. Wiki tano zimepita kimya. Hii nimeiandika kwa lugha ninayoifanyia kazi kutwa, tafuteni wa kuwasomea.

Mimi ni wakala wa tiketi hapa Darajani, Mjini Unguja, na kazi hii nina miaka 14. Mama yangu ana miaka 74, mtu wa Wete, na goti lake la kulia haliwezi ngazi. Tiketi yake niliikata mwenyewe nikaiwekea alama ya WCHS, yaani abiria anatembea hatua chache lakini hapandi wala hashuki ngazi. Niliiweka siku 11 kabla ya safari, shirika la ndege likathibitisha. Kanuni za Ulaya zinataka saa 48 tu.

Tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka kumtazama ndugu yangu, tukashuka kwenu Ulaya kubadilisha ndege. Kijana alitupokea na kiti kwenye mlango wa ndege, mpole, akamsukuma mama mpaka ukaguzi unapoishia. Hapo redio yake ikaita. Akatuomba radhi, akamsaidia mama kusimama, akaondoka na kiti, akisema mwenzake anakuja baada ya dakika 10. Huyo simlaumu. Jasho lilikuwa linamtoka, na alituonyesha kwenye simu yake orodha ya watu wanne wanaomsubiri ndege nyengine.

Dakika 10 zikawa 50. Na pale mama alipoachwa hapana pa kukaa, maana ni mlango wa duka. Ukitoka kwenye ukaguzi hamna njia ya kwendea ndege ila kupita ndani ya duka la marashi na pombe, nayo njia imepindishwa kushoto na kulia ili mtu apite mbele ya kila rafu. Mama alijishikiza kwenye rafu ya chupa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika ushungi. Muuzaji akamjia na kikaratasi cha marashi anuse. Mama akamwambia, "Ahsante mwanangu," akidhani ndiye aliyeleta kiti.

Nikalilaza begi chini, akalikalia. Alipovua kiatu, mguu ulikuwa umevimba hata mkanda umeacha mfereji juu ya unyayo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anataka kwenda chooni. Choo kiko upande wa pili wa duka. Tukajaribu, akasimama hatua ya sita, akasema basi, atajizuia. Hilo linaniuma kuliko ndege iliyotuacha. Maana ndege ilituacha: tulipofika, yeye ameniegemea begani, mlango ulikuwa umeshafungwa dakika 6 kabla.

Kisha tukaanza kurushwa kama mpira. Shirika la ndege likasema kiti ni cha uwanja. Dawati lenu likasema kazi hiyo mmempa mkandarasi. Mkandarasi akasema abiria hakuwepo kwenye kituo cha kusubiri. Kituo gani, na angekifikia kwa miguu ya nani?

Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 ya Umoja wa Ulaya haina utata hapa. Msaada kwa abiria mlemavu au asiyeweza kutembea vizuri ni dhamana ya anayeendesha uwanja, hata kwa abiria anayeunganisha ndege, na imetaja waziwazi kumpeleka chooni akihitaji. Mnaruhusiwa kumpa mtu mwengine kazi, lakini dhamana inabaki kwenu. Mnaruhusiwa pia kuyatoza mashirika ya ndege kwa ajili hiyo, na mashirika yanajua pa kuirudishia gharama: kwenye tiketi ninayomuuzia mteja wangu. Kwa hiyo kiti kile kililipiwa na kila aliyekuwa ndani ya ndege ile.

Najua pesa yenu inaingiaje. Mfuko mmoja ni tozo za kutua na za abiria, ambazo kwenye viwanja vingi vikubwa mdhibiti huziwekea kikomo. Mfuko wa pili ni kodi za maduka, mikahawa na maegesho ya gari, na huo kwa kawaida hauna wa kuuzuia. Ndiyo maana duka limewekwa katikati ya njia na benchi likaondolewa. Tangu Uingereza ilipoiuza BAA, kampuni ya serikali iliyoendesha viwanja vyake vikubwa vya ndege, mwaka 1987, uwanja wa ndege umekuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa, na kampuni zikavuka mipaka: Fraport ya Ujerumani ilikabidhiwa viwanja 14 vya Ugiriki mwaka 2017. Nanyi mko kwenye mbio hizo hizo. Juu ya ukuta ule ule usio na benchi mmetundika ramani ya dunia yenye taa, kila taa nchi mliyofika.

Sichukii kampuni kukua. Zanzibar inaishi kwa wageni wanaoshuka Uwanja wa Abeid Amani Karume pale Kisauni, na mimi nala kwa safari za watu. Lakini mwaka 2024 tuliwaona majirani zetu Kenya wakivutana juu ya mpango wa kuipa Adani, kampuni ya India, uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi kwa miaka 30. Wafanyakazi waligoma mwezi Septemba, na Novemba Rais Ruto akaufuta. Walisema mengi juu ya siri na ajira, na walikuwa na haki. Mimi ningeongeza swali: aliyepewa kusukuma viti amepangiwa watu wangapi kwa saa?

Nataka mnirudishie gharama ya tiketi mbili mpya na chumba cha usiku mmoja, stakabadhi nimeziambatanisha. Nataka rekodi ya kiti cha mama: nani aliitwa, saa ngapi, na kwa nini hakufika. Nataka viti vya kukalia pale ukaguzi unapoishia, kabla ya duka. Nisipojibiwa ndani ya siku 30, nitalipeleka suala hili kwa mamlaka ya nchi yenu inayosimamia kanuni hiyo.

Na muandikieni mama yangu, kwa Kiswahili, kwenye karatasi, kwa jina lake lililo kwenye tiketi. Mpaka leo anawaambia wanaokuja kumtazama kwamba kosa ni lake, kwamba angejikaza tungeiwahi ndege.

Mteja wenu,
Wakala wa tiketi, Darajani
Mjini Unguja