Ukija Nairobi, njoo na ile saa ya kupimia

Baba Shiko,

Salamu kutoka Lang'ata. Sisi wazima, watoto wamefungua shule, mvua inatunyeshea tu. Kwa kunyamaza kwako tangu uhamie Mombasa, tutakugombeza siku nyingine. Leo nina shida.

Gari linasaga. Ni huko mbele, kwenye difu, lile boksi la gia la ekseli. Lilianza tulipotoka Magadi, baada ya lile korongo kujaa tukavuka hivyo hivyo. Fundi wetu, unamjua, hata chini ya gari hakulala. Alisikiliza amesimama, chai mkononi, akatoa hukumu: krauni na pinioni, zile gia kuu mbili za ndani, zimekwisha, nitafute difu nzima ya mtumba Grogan, kule kwa wauza spea. Bei yenyewe ni karo ya muhula!

Mimi nimekataa. Nikiachilia habu, zile kufuli za magurudumu ya mbele, mlio unapotea kabisa. Nikizifunga na nguvu ikabaki nyuma, ile difu ikizunguka bila mzigo, mngurumo unarudi na kupanda kadiri ya mwendo. Nikiingiza fowili, magurudumu yote manne yavute, kwenye barabara ya vumbi nikakanyaga mafuta, unazidi. Nikiachia, unapungua lakini hauishi. Kona haziubadilishi, kwa hiyo sidhani ni zile gia ndogo za ndani, wala beringi za magurudumu. Si-vi, kile kiungo cha shafti ya gurudumu, nayo ingegonga tak-tak nikikata kona. Krosi za propela, viungo vya shafti ndefu ya chini, nimezitikisa, ziko imara.

Basi nikamwaga oili (nati ya juu kwanza, kama ulivyonifunza, isije ikagoma kufunguka wakati difu imeshabaki kavu). Ilitoka kama chai ya maziwa. Difu ilikuwa moto, ikaingia maji baridi, hewa ya ndani ikanywea na kuvuta maji. Kale kakofia ka kupumulia kamezibwa na matope. Kwenye sumaku nilikuta unga mweusi tu, hakuna kipande cha jino. Halafu nikaishika flanji ya pinioni nikaisukuma juu na chini: inacheza. Hiyo si beringi ya pinioni, kweli?

Na hiyo difu ya mtumba ndiyo inayoninyima usingizi. Nyuma nina uwiano wa 4.1, krauni ya meno 41 kwa pinioni ya 10. Wakiniletea 3.9, ile ya 43 kwa 11, siku nikiingiza fowili mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike. Nilimuuliza fundi, akanijibu, "Mkubwa, bora iingie." Bora iingie!

Kwa sasa nimetia 80W-90 mpya, ile ya GL-5, habu ziko wazi, naenda nalo kazini polepole. Lakini Mwalimu anapokea wageni wa ruracio, yaani mahari, kule Kinangop, na tope la huko unalijua. Bila fowili hatufiki. Mama Kevo ameshaanza kuulizia matatu, kwa sauti ya kunisikiza.

Sasa niambie: beringi inaweza kubadilishwa bila kuzigusa shimu, vile vibati vya kurekebishia nafasi, au lazima mchezo wa meno upimwe upya? Kile kibomba kinachobondeka kwenye pinioni, nacho kinunuliwe kipya? Ile saa ya kupimia mchezo wa meno bado unayo, au ulimwachia shemeji? Unakuja kwa Mwalimu? Kama huji, unaweza kumpa mtu wa basi aniletee?

Wako,
Baba Kevo