Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakukaribisha sana Kigoma, mwisho wa reli.

Mheshimiwa, mwaka huu klabu yetu imejifunza jinsi elimu ya mimea na elimu ya tiba zinavyotegemeana. Mfano mkubwa tuliupata mkoani kwetu. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde walikuwa wakimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku, ambaye alikuwa mgonjwa. Chausiku alivunja tawi la mmea ambao Watongwe huuita mjonso, na ambao wengi nchini wanaujua kama mtugutu. Akabandua gome na majani, akatafuna kiini chake kichungu, akafyonza maji na kutema makapi. Kesho yake alikuwa amepata nafuu.

Mzee Kalunde, Mtongwe mjuzi wa mitishamba, ndiye aliyemweleza mtafiti kwamba ule mmea ni dawa, na kwamba watu wake huutumia kwa maumivu ya tumbo na minyoo. Mwaka 1989 matokeo yalichapishwa kwa majina ya wote wawili. Tunalisema hili kwa fahari, kwa sababu wazee wengi waliowaonyesha wageni mimea yetu hawakuandikwa popote.

Wanakemia wa Japani walipouchambua mmea huo walikuta vernodalini na vernoniosidi B1, kemikali ambazo katika maabara zilionekana kudhuru vimelea, wakiwemo wa kichocho. Vernodalini imejaa zaidi kwenye majani na gome, nayo ikizidi ni sumu. Yaani Chausiku alitupa sehemu ya hatari na kutafuna ile salama! Hapo tulijadiliana kwa muda mrefu: mmea mmoja, sehemu mbili, matokeo tofauti kabisa. Ndiyo maana kipimo na sehemu ya mmea lazima vichunguzwe, na ndiyo maana hatumshauri mtu yeyote mwenye homa aache kwenda zahanati kupima malaria. Hata dawa mseto anayopewa huko ina asili ya mmea: artemisinini ilitolewa na kundi la Tu Youyou wa China mwaka 1972 kutoka mmea wa jamii ya pakanga, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mheshimiwa, tunazo changamoto. Darubini ni chache. Sampuli za mimea tunazikausha ndani ya magazeti na wadudu wanazila. Linalotuumiza zaidi ni kwamba wazee wajuzi wanafariki na hakuna aliyeandika walichokijua.

Tunaomba utusaidie kupata darubini na kabati la kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Tunaomba pia utuunganishe na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, watufundishe kuwahoji wazee kwa ridhaa yao, kuandika majina yao pale wanapokubali, na kulinda haki yao iwapo maarifa hayo yatazaa dawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.