Daftari letu la sinodi lilikwenda wapi?

Mhariri,

Gazeti lenu limeandika kwamba Sinodi ya Kanisa Katoliki, yaani ule mkutano mkuu wa kushauriana, ilimalizika Oktoba 2024. Huko Roma ilimalizika, sawa. Hapa Busia, upande wa Uganda, mimi bado nalisubiri daftari langu.

Nauza samaki wakavu hapa mpakani na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Mwaka 2022 tuliambiwa Papa Francis anataka kuwasikia waamini wote kabla sinodi haijakaa. Katekista akanikabidhi maswali yenye mada 10, nami nikanunua daftari la kurasa 96. Tulikuwa tukikutana jioni baada ya soko kufungwa. Katika jumuiya yetu kuna Wasamia, Wateso na Wajopadhola, kwa hiyo tulikubaliana kila mtu aseme kwa Kiswahili chake, hata kikichechemea, nami niandike kilivyotoka.

Mada ya 7 ilihusu Wakristo wa madhehebu mengine, na jioni hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Mume wangu ni Mwanglikana. Alikuwa nje chini ya mwembe akiziba pancha ya baiskeli. Sisi ndani tulishaanza, wenzetu Waprotestanti wako hivi, wenzetu Waprotestanti wako vile, mara akapaza sauti: "Mnanijadili na mimi niko hapa?" Tukacheka. Kisha tukanyamaza, maana kweli tulikuwa tunamjadili. Mzee wa jumuiya akamwita ndani, akapewa kiti.

Alichosema nilikiandika neno kwa neno. Kwamba kwa miaka 17 huja nami misa ya Krismasi, na watu wakijipanga kwenda komunyo yeye hubaki kwenye benchi na watoto. "Ya komunyo naelewa, mna sheria zenu. Lakini siku ya kuchangia mabati mnalijua jina langu. Siku nyingine zote mimi ni mume wa katibu." Akauliza tena: mbona msibani tunakuwa kitu kimoja, kwaya mbili kwenye kaburi moja, halafu matanga yakiisha kila mtu na mlango wake? Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo naona hicho ndicho kikao chetu kilichokuwa na maana kuliko vyote.

Zilijaa kurasa 14. Nikapeleka daftari parokiani. Miezi ikapita, muhtasari ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo: nusu ukurasa, kwa Kiingereza. Kuhusu mada ya 7 ulisema waamini wanaomba mafundisho zaidi juu ya umoja wa Wakristo. Nani aliomba mafundisho? Mume wangu hakuomba kufundishwa kitu. Alitaka aitwe kwa jina lake.

Sisemi padri ana nia mbaya. Ana vigango vingi, yaani makanisa madogo ya parokia, na pikipiki moja, tena ya kusukuma. Lakini sisi tunaoishi kwa biashara ya mpakani tunajua mzigo ukipita forodhani bila karatasi huna pa kwenda kuudai.

Mambo ya Roma niliyafuatilia redioni. Oktoba 2023, na tena 2024, maaskofu waliketi kwenye meza za duara pamoja na masista na walei, yaani waamini wa kawaida, na wanawake wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Walikuwepo pia wajumbe wa makanisa mengine, 12 mara ya kwanza na 16 mara ya pili. Hao hawakuwa na kura, ila walisema na wakasikilizwa. Kilichonivutia zaidi ni utaratibu: kila mmoja anasema bila kukatizwa, mnakaa kimya mkisali, ndipo kila mmoja anaeleza kilichomgusa katika maneno ya mwenzake. Natamani kuuona ukijaribiwa kwenye kamati yetu ya ujenzi.

Waraka wa Mwisho wa sinodi hiyo unasisitiza kwamba mabaraza ya ushauri yawe ya lazima, na kwamba viongozi wawajibike kwa waamini wao kwa uwazi. Na kazi ya kuutekeleza inaendelea hadi mkutano wa Kanisa utakaofanyika Vatikani Oktoba 2028. Kwa hiyo, Mhariri, hakuna kilichokwisha.

Sisi wa Uganda tuna sababu yetu ya kulishika jambo hili la umoja. Mashahidi wa imani 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana waliuawa enzi ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, wengi wao katika moto mmoja pale Namugongo, 3 Juni 1886. Miaka 6 haikutimia, mwaka 1892, ndugu zao wa pande hizo mbili wakapigana kwa bunduki Mengo. Papa Francis alipofika Namugongo Novemba 2015 alianzia kwenye madhabahu ya Waanglikana, kisha akaja kwenye yetu. Mimi na mume wangu mwaka jana tulipanda basi moja kutoka Busia kwenda huko kuhiji, tukaachana barabarani, yeye akaenda kwao na mimi kwetu. Jioni tukawa tunatafutana kwa simu zisizo na chaji.

Najua Baraza la Pamoja la Wakristo Uganda lipo tangu 1963 na maaskofu wanakaa humo pamoja. Ni jambo jema, lakini maaskofu hawana shida ya kujuana majina.

Ninachoomba parokiani si kikubwa. Muhtasari urudi kwenye jumuiya, kwa Kiswahili, tuusome tuseme kama ni maneno yetu. Na halmashauri ya parokia ikikaa, waume na wake zetu wasio Wakatoliki waitwe hata mara moja kwa mwaka, siku ambayo hakuna mchango.

Daftari jipya nimeshanunua, na safari hii nimeongeza karatasi ya kaboni. Nakala ya juu itakwenda parokiani, ya chini itabaki kwangu, na atakayepokea atatia sahihi.

Katibu wa jumuiya,
Busia, Uganda
(Jina langu mnalo, ila msilichapishe.)