Kwa vijana mnaouona msitu kama shamba lililolala

Wajukuu zangu,

Nimewasikia mkijadiliana, na hoja yenu imenikaa kichwani: eti misitu ya mvua ni ardhi iliyolala tu, na penye miti minene kiasi kile hapakosi rutuba ya kulisha mataifa. Siwalaumu. Hata mimi ujanani niliamini hivyohivyo.

Shikeni ramani, mfuate ikweta kwa kidole. Mtaikuta Amazon, kubwa kuliko yote, sehemu yake kubwa ikiwa Brazili na nyingine ikiingia Peru, Kolombia na jirani zao. Vukeni bahari, mfike bonde la Kongo, la pili kwa ukubwa. Kisha Sumatra, Borneo na New Guinea. Huko joto halipungui mwaka mzima, na mvua mara nyingi hupita milimita 2,000 kwa mwaka. (Ipo pia misitu ya mvua ya nchi za baridi, kama ile ya pwani ya magharibi ya Kanada. Hiyo ina mambo yake, leo tuiache.)

Sasa hiyo rutuba. Tazameni jani moja lililoanguka. Kwenye nchi ya baridi lingelala chini miezi mingi, likigeuka udongo polepole. Msituni humu joto na unyevu haviliachi lipumzike. Mchwa wanalikata, fangasi wanalizingira kwa nyuzi zao nyeupe, na mara mizizi myembamba iliyotanda juujuu imeshanyonya chakula chake na kukirudisha mtini. Fukueni kidogo chini ya majani hayo: mara nyingi mtakuta udongo mwekundu au wa njano, uliochujwa na mvua tangu zama. Mali iko kwenye miti yenyewe. Ndiyo maana aliyefyeka na kuchoma huvuna vizuri msimu mmoja, miwili, kwa nguvu ya majivu, kisha shamba linamgomea, naye anasogea mbele na panga lake.

Linalonitisha zaidi ni mvua. Mnadhani mvua ndiyo inayoleta msitu. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Mti hunyonya maji ardhini na kuyatoa majanini kuwa mvuke, mvuke unakuwa mawingu, na upepo unayasukuma yakanyeshe mbele. Unyevu unaotoka Atlantiki huanguka na kupaa tena na tena juu ya Amazon, hadi ugonge milima ya Andes na kugeukia kusini. Wataalamu wanaiita mito ya angani. Yuko mkulima kusini mwa Brazili asiyewahi kuutia machoni msitu ule, naye analima kwa mvua yake.

Na katikati ya bonde la Kongo kuna vinamasi vya mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza yote, ambavyo watafiti, mwaka 2017, walikadiria vimehifadhi tani bilioni 30 hivi za kaboni. Vikikauka, kaboni hiyo inapanda hewani.

Sisemi watu wasile. Mashamba yaliyokwisha kufyekwa na kuchoka ni mengi. Anzeni na hayo, yarudishieni mbolea na miti. Chico Mendes, mgema mpira wa Brazili, hakutaka msitu ufungiwe watu nje. Alitaka wagema waendelee kugema, miti ikiwa wima. Aliuawa Desemba 1988, na mwaka 1990 ikatengwa hifadhi yenye jina lake huko Acre, jimbo la Brazili, ambamo wagema wanaishi na kuvuna. Someni habari zake, kisha njooni tubishane.

Babu yenu