Ripoti ya utafiti wa afya imfikie pia aliyetoa damu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ripoti ambazo watafiti wa afya wanaopewa ruzuku hutakiwa kuziandika. Kwa wasomaji wengi jambo hili linaweza kuonekana ni la ofisini tu, lakini linamgusa kila mzazi aliyewahi kumpakata mwanawe ili atolewe damu ya utafiti.

Kwa miaka 11 nilitunza kumbukumbu na hesabu za miradi ya utafiti wa magonjwa katika Mkoa wa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa ripoti. Fedha za ruzuku huja na kalenda yake. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo wengi tunazifahamu kwa herufi NIH, hudai ripoti ya maendeleo kila mwaka kabla ya kuachia fedha za mwaka unaofuata, na mradi ukiisha hutoa siku 120 za kuwasilisha ripoti za mwisho za kazi na za fedha. Kwa majaribio ya dawa na chanjo yanayohusika na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2007, matokeo hayana budi kuwekwa kwenye sajili ya umma ndani ya mwaka mmoja tangu kukamilika kwa vipimo vikuu, na anayekaidi anaweza kutozwa faini inayozidi dola 10,000 kwa siku, au kunyimwa fedha. Tangu Januari 2023 mwombaji wa fedha za NIH anatakiwa kueleza pia namna atakavyohifadhi takwimu zake na namna watafiti wengine watakavyozipata.

Hapa nyumbani, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979, hutoa kibali cha maadili chenye masharti yake. Mtafiti hupeleka ripoti ya maendeleo kila baada ya miezi sita kwa Wizara ya Afya, kwa NIMR yenyewe, na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Huomba ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo. Na kazi ikichapishwa hukabidhi nakala. Anayekiuka masharti hayo anaweza kushitakiwa na kutozwa faini.

Siyalalamikii masharti hayo. Fedha za utafiti ni za walipakodi wa nchi fulani au ni za wakfu uliotolewa kwa nia njema, na aliyezitoa ana haki ya kujua zimefanya nini. Isitoshe, nimeona kwa macho yangu faida ya kulazimishwa kuandika: ni katika kuandaa ripoti ya miezi sita ndipo tulipogundua kwamba jokofu la zahanati moja lilikuwa likizimika usiku na kuwashwa asubuhi, na sampuli za wiki nzima hazikufaa tena. Bila ripoti ile tungeendelea kupima maji tukidhani ni damu nzima.

Linaloniumiza ni mtu ambaye katika masharti hayo yote hatajwi. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya kufunga hesabu, ofisi ya mfadhili ilituandikia kwamba hati moja ya malipo ya nauli, ya shilingi 4,000, haikuwa na sahihi wala alama ya dole gumba la aliyepokea. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa siku ile pedi ya wino ilikuwa imekauka na karani hakutazama. Nikaagizwa niifuate alama hiyo. Nilipanda pikipiki alfajiri, njia ikiwa utelezi kwa mvua za masika, nikaenda mwendo wa saa mbili hadi kitongojini kwa bibi aliyekuwa akimlea mjukuu wake, mmoja wa watoto walioshiriki utafiti ule. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Akajifuta mkono kwenye khanga, akanipa dole gumba, nikalibonyeza kwenye wino na kisha kwenye karatasi. Nilipokuwa naikunja karatasi ile akaniuliza, bila ugomvi wowote: "Mwanangu, ile damu ya mjukuu wangu ilisemaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Uchambuzi ulikuwa umekwisha, makala ilikuwa kwa wachapishaji, na ripoti ya mwisho nilikuwa nimeichapa mimi mwenyewe. Nilijua lita za mafuta zilizotumiwa na gari lililokuwa likimfuata mtoto yule, na nilijua bei ya kila kichupa kilichobeba damu yake. Nikamwambia, "Bibi, wataalamu watakuja kuwaelezeni." Hawakuja. Bajeti haikuwa na fungu la safari hiyo, na hakuna fomu hata moja, ya ndani wala ya nje, iliyouliza kama imefanyika. Kwa ajili ya shilingi 4,000 nilitumwa kuvuka matope, ilhali kwa ajili ya jibu lake hakutumwa mtu.

Huo ndio upungufu ninaotaka uzibwe. Ripoti huenda kwa mfadhili, wizarani, mkoani na wilayani, kisha inakoma mezani kwa mganga mkuu wa wilaya, ambaye ana mafaili yake mengine na hakuna sharti linalomwagiza aipeleke kijijini. Hata ikifika, imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho mtendaji wa kijiji hawezi kukisoma mbele ya watu.

Haki yenyewe si ngeni. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, linasema kwamba kila mshiriki wa utafiti wa tiba apewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla ya utafiti alioushiriki. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi, kwani kanuni yake Na. 536 ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 31 Januari 2022, inamtaka mwenye jaribio la dawa kuwasilisha, ndani ya mwaka mmoja tangu jaribio liishe, muhtasari ulioandikwa kwa lugha ambayo mtu asiye mtaalamu ataielewa. Kanuni hiyo, hata hivyo, inahusu majaribio yanayofanyika katika nchi za Umoja huo. Mama wa Muheza au Handeni hana kifungu cha namna hiyo cha kukishika mkononi, ingawa mara nyingi mwanawe amehatarishwa zaidi, kwa sababu magonjwa yanayochunguzwa yako kwetu.

Nimesikia hoja za wanaopinga, tena nyingine nimezisikia ofisini kwetu. Husemwa kwamba majibu ya mgonjwa ni siri. Ni kweli, na hakuna anayeomba majina yasomwe hadharani. Yanayodaiwa ni matokeo ya jumla, na mzazi anayetaka kujua ya mwanawe aelezwe faraghani na mhudumu anayestahili. Husemwa pia kwamba mambo yenyewe ni magumu kwa mtu wa kijijini. Hoja hii siikubali hata kidogo. Tulipokuwa tunaitafuta damu, tuliweza kutafsiri fomu ya ridhaa kwa Kiswahili safi, kurasa kadhaa, na kumweleza mzazi habari za kundi linalopata chanjo na kundi linganishi lisilopata chanjo hiyo, mpaka akaelewa na kuweka dole. Ugumu wa lugha haukutuzuia siku ile.

Chukua mfano wa chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake la awamu ya tatu lilianza mwaka 2009 na kuhusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Bagamoyo, mkoani Pwani, na Korogwe, hapa mkoani kwetu. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi kwenye malaria ya kiwango cha kati hadi cha juu. Mtu anaweza kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema: kati ya kila mara kumi ambazo mtoto angeugua malaria, chanjo hii ilizuia takribani mara nne kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi nne na kufuatiliwa kwa miaka minne, haizuii zote, kwa hiyo chandarua kiendelee. Hiyo ni sentensi moja, na kila aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa ataielewa.

Wala sizungumzii jambo lisilowahi kufanyika. Kilifi, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, na Wellcome Trust, wakfu wa Uingereza, kimekuwa na wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wananchi wenyewe, na watafiti wake waliwarudia wazazi ambao watoto wao walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria wakawaeleza yaliyoonekana. Hapa nchini pia nawafahamu watafiti waungwana wanaorudi vijijini kwa kujinyima posho. Lakini jambo la haki haliwezi kuachiwa uungwana wa mtu mmoja mmoja, hasa ikizingatiwa kwamba mtafiti huyo huyo akichelewesha ripoti ya fedha kwa wiki mbili tu hupigiwa simu kila siku.

Ukimya una gharama yake, na sisi wa pwani tunaijua kuliko wengine. Habari za mumiani, mtu anayenyonya damu za watu akaziuze, zilikuwapo kabla sijazaliwa, na nimewahi kuona gari la mradi likizuiwa kwa magogo kwa sababu yake. Tulipokaa na wazee siku ile, hoja yao haikuwa ya kishirikina. Walisema kwamba watu walikuja mwaka juzi, wakachukua damu, wakaondoka, na mpaka leo hatujui ilikwenda wapi. Nani angewajibu?

Hata mradi unapokatika njiani hali ni ile ile. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya ilisimama ghafla, zikiwamo tafiti zilizokuwa zinaendelea. Katika hali kama hiyo mkataba bado hudai hesabu za kufunga na orodha ya vifaa. Mshiriki hadai kitu, kwa sababu hakuna karatasi inayompa haki ya kudai, na fedha za kumfuata hazikutengwa tangu mwanzo.

Ninachopendekeza si kikubwa. NIMR iongeze katika masharti ya kibali kwamba utafiti ukiisha, matokeo yake ya jumla yaelezwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji au mtaa ambako washiriki walipatikana, na kwamba ripoti ya mwisho isipokelewe bila muhtasari wa mkutano huo wenye sahihi ya mtendaji na mhuri wa kijiji. Mikutano mikuu ya vijiji ipo tayari kisheria kila baada ya miezi mitatu, na wananchi wamezoea kusomewa mapato na matumizi. Fomu ya ridhaa nayo iseme tangu siku ya kwanza ni lini watafiti watarudi. Wafadhili, kwa upande wao, waweke fungu la kazi hiyo ndani ya bajeti, wazuie sehemu ya malipo ya mwisho hadi ifanyike, na waikague kwa bidii ile ile wanayoikagua hati ya nauli. Mafuta ya gari la siku moja, kipaza sauti cha kukodi na karatasi chache zilizochapwa kwa maandishi makubwa ni gharama ambayo mradi wowote niliouhudumia ungeimudu.

Ningefurahi kusoma katika ukurasa huu huu majibu ya wanaotoa vibali vya utafiti, wanieleze kama sharti la namna hiyo linaweza kuingizwa wakati masharti yao yatakapopitiwa tena, na kama haliwezi, ni kitu gani kinacholizuia.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga